Mtoto wa miaka 8 anaongezeka kilo, kasi ya kurefuka imepungua. Nianzie wapi?

MamaWawili
Wakuu habari zenu. Naombeni msaada kuhusu kijana wangu wa miaka 8 na miezi 3. Alipotimiza 6 alikuwa na sentimita 115 na kilo 20. Alipotimiza 7, sentimita 120.5 na kilo 22.5. Alipotimiza 8, sentimita 123.5 na kilo 27.5. Juzi nimempima tena, nikapata 124. Baba yake ana sentimita 172, mimi 160. Kula anakula, tena siku hizi hashibi. Suruali ya shule ya mwaka jana inambana kiunoni, lakini chini bado inafika vizuri kabisa. Majirani wananiambia nimwongezee maziwa na vidonge vya kalsiamu. Nisubiri au nimpeleke hospitali? Na nikifika niombe kipimo gani?

FutiYaChuma
Dada, anza kwa kuhakikisha kipimo chenyewe, maana hapo ndipo wengi hupotea. Futi ya kitambaa ya fundi cherehani huvutika, tumia ya chuma. Tafuta ukuta ulionyooka usio na ubao chini, sakafu iwe ngumu, si zulia. Avue viatu na soksi. Visigino, makalio na mabega viguse ukuta, macho yatazame mbele, kidevu kisiinuliwe. Chukua kaunta buku, ubavu wake mmoja uugandamize ukutani na ubavu wa chini uguse kichwa, kisha weka alama ya penseli. Kwa binti mwenye misuko, fumua kwanza. Rudia mara tatu. Namba zikitofautiana zaidi ya nusu sentimita, anza upya, kisha chukua wastani. Pima asubuhi siku zote, kwa sababu mtoto hupungua hadi sentimita moja hivi kufikia jioni.

Hiyo 124 ya juzi usiitegemee. Kwa miezi mitatu mtoto wa umri huo anatarajiwa kuongeza kama sentimita moja na kidogo, na kosa la kupima peke yake linaweza kufika nusu sentimita. Linganisha vipimo vilivyoachana angalau miezi sita. Mwaka mzima ni bora zaidi.

DktWatoto
Nakubaliana na hapo juu, lakini mama, wewe una vipimo vya miaka miwili na ndivyo vinavyonitia wasiwasi. Kuanzia miaka 4 hadi kabla ya balehe, mtoto hurefuka sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Wako aliongeza 5.5, mwaka uliofuata 3. Ikishuka chini ya 4 kwa mwaka, daktari amwone, hata kama mtoto si mfupi. Na kweli wako si mfupi: wastani wa Shirika la Afya Duniani kwa mvulana wa miaka 8 ni kama sentimita 127, naye hayuko mbali. Ndiyo maana shuleni hakuna aliyeshtuka. Kliniki ya watoto huishia miaka 5, na baada ya hapo hakuna tena anayechora mstari kwenye kadi.

Sasa tazama kilo. Mwaka huohuo aliorefuka sentimita 3 amenenepa kilo 5. Mtoto anayekosa chakula, au mwenye ugonjwa sugu wa tumbo au figo, kwa kawaida hupungua uzito kwanza, urefu hufuata. Uzito ukipanda huku kimo kinasimama, fikiria homoni: tezi ya thairoidi (ya shingoni) iliyolegea, upungufu wa homoni ya ukuaji, au steroidi nyingi mwilini, yaani homoni ambayo mwili hutengeneza na ambayo pia huwekwa kwenye dawa. Maziwa na kalsiamu havitibu hata kimoja kati ya hivyo.

Urithi haujibu swali lako. Kwa mvulana, jumlisha urefu wa baba na mama, ongeza 13, gawa kwa 2. Kwenu inakuja 172.5, na anaweza kuangukia sentimita 8 juu au chini ya hapo. Wazazi wafupi huzaa mtoto mfupi anayekua kwa kasi ya kawaida. Hawamfanyi apunguze mwendo akiwa na miaka 7.

Naomba unijibu: choo chake ni kigumu? Anasikia baridi, analala sana, ameshuka darasani? Kichwa humuuma asubuhi pamoja na kutapika, au haoni vizuri? Hayo ya kichwa na macho kama yapo, usisubiri hata siku moja. Na je, anatumia dawa yoyote: ya kunywa, ya kuvuta, ya kupaka?

MamaWawili
Asante dokta. Choo kawaida, kichwa hakimuumi, darasani yuko vilevile. Vidonge hatumii. Ana ukurutu kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti na shingoni, tunampaka krimu ya duka la dawa asubuhi na jioni, sasa ni zaidi ya mwaka. Imeandikwa clobetasol 0.05%, tyubu ya gramu 25, kwa mwezi zinaisha mbili. Uso kweli umejaa, mashavu mekundu. Tulidhani ni afya.

MfamasiaPwani
Mama, hiyo krimu ni steroidi ya kundi lenye nguvu kuliko zote za kupaka. Kwa watoto chini ya miaka 12 haishauriwi, na hata mtu mzima hupewa kwa wiki mbili hivi, si mwaka. Gramu 50 kwa mwezi juu ya ngozi ya mikunjo, ambayo ni nyembamba na yenye joto, hupenya hadi kwenye damu. Ukipaka mafuta ya mgando juu yake inapenya zaidi. Huko ndani inazuia mifupa kurefuka, inaongeza hamu ya kula, na mafuta yanakaa usoni na tumboni.

Usiikatishe ghafla. Tezi zilizo juu ya figo zinaweza kuwa zimelala kwa sababu dawa imefanya kazi yao kwa muda mrefu. Akipata malaria au kuhara wakati huo, anaweza kulegea, kutapika, sukari kushuka, hata kuzimia. Daktari ndiye atakayeipunguza hatua kwa hatua, mara nyingi kwa kuhamia haidrokotisoni ya asilimia 1 (steroidi nyepesi) na mafuta mengi ya kulainisha ngozi.

Muulize na bibi yake au dada wa kazi kama kuna vidonge vya kuongeza hamu ya kula. Baadhi ya vinavyouzwa kienyeji huwa na deksamethasoni, nayo ni steroidi, ila inapita mlango mwingine. Na kwa wenye pumu wanaosoma hapa: dawa ya kuvuta msiiache kwa kusoma uzi huu. Athari yake kwa urefu ni ndogo, kama sentimita moja, na pumu isiyotibiwa nayo hudumaza.

DktWatoto
Hii inaonekana kuwa sababu, lakini thairoidi bado ipimwe. Omba haya: shinikizo la damu, sukari, TSH na T4 huru (vya thairoidi), kotisoli (steroidi ya mwili wenyewe) ya saa 2 asubuhi, picha kamili ya damu, na eksirei ya kiganja cha kushoto kuona umri wa mifupa. Steroidi ikiondoka, watoto wengi hurefuka haraka kufidia. Mpime tena baada ya miezi sita.

LisheKwanza
Niongeze kwa wenye watoto wanaokonda huku wamesimama kimo, ninyi njia yenu ni nyingine, pimeni: damu, selimundu, VVU, kifua kikuu, mkojo na choo kikubwa. Dawa ya minyoo ni albendazoli miligramu 400 mara moja, kwa aliyezidi miaka 2. Dagaa, maharage, yai, na chai isinywewe pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma. Binti mfupi asiye na sababu inayoonekana apimwe kromosomu.

MamaWawili
Nimewaelewa. Leo jioni nimpake au nisimpake?

MfamasiaPwani
Mpake palepale mlipozoea, usiongeze sehemu mpya wala mafuta juu. Kesho awahi hospitali kabla ya saa 2 na tyubu uibebe. Akitapika au kulegea usiku, mpeleke usiku huohuo na useme neno steroidi mapokezi.