Je, mtoto hurithi akili ya wazazi wake? Naomba ushauri

Mleta mada
Habari zenu wanajukwaa. Mimi na mume wangu tunatarajia mtoto wetu wa kwanza. Sote wawili hatukufanya vizuri shuleni, na baadhi ya ndugu wanasema waziwazi kwamba mtoto wetu hatakuwa tofauti. Mmoja wao amefikia kunieleza kwamba akili hutoka kwa mama peke yake. Maneno hayo yananinyima usingizi. Naomba mwenye ujuzi anieleze ukweli, asinifariji tu: urithi una nguvu kiasi gani, na ni lipi lililo mikononi mwetu?

Mwalimu wa Baiolojia
Dada yangu, hongera kwa ujauzito. Kwa kuwa umeomba ukweli, nakiri kwamba urithi una nguvu. Mapacha wanaofanana kabisa, hata wale waliolelewa katika nyumba tofauti, hukaribiana sana katika vipimo vya akili, na tafiti za aina hiyo hukadiria kwamba utotoni kiasi cha asilimia 40 ya tofauti za alama kati ya watu hufungamana na tofauti za jeni (vipande vya vinasaba vinavyobeba sifa za kurithi), kiwango ambacho hupita nusu wanapokuwa watu wazima. Hata hivyo, makadirio hayo yanahusu tofauti ndani ya kundi lililochunguzwa; hayasemi kwamba zaidi ya nusu ya akili ya mwanao imekwisha kupangwa.

Hakuna jeni moja ya akili. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha watu zaidi ya 269,000, ulibaini maeneo 205 ya vinasaba yanayohusiana na akili, kila moja likiwa na athari ndogo mno. Mtoto hupokea nusu ya vinasaba vyake kwa mama na nusu kwa baba, na kwa kuwa mchanganyiko huo hufanyika upya kila mimba inapotungwa, ndugu wa tumbo moja huweza kutofautiana sana. Isitoshe, watoto wa wazazi walio mbali na wastani, juu au chini, kwa kawaida huwa karibu zaidi na wastani huo kuliko wazazi wao, jambo ambalo mwanasayansi Mwingereza Francis Galton alilieleza kuhusu kimo mwaka 1886.

Dai la mama peke yake limejengwa juu ya kromosomu ya X, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni, ambayo mvulana huipata kwa mama tu. Ni kweli kwamba hitilafu za baadhi ya jeni zake husababisha ulemavu wa akili, hasa kwa wavulana, lakini jeni nyingi zinazohusika na akili zimetawanyika katika kromosomu nyingine, ambazo baba huchangia sawa na mama.

Mama wa Watatu
Mimi ningeuliza kwanza kwa nini hamkufanya vizuri. Mtu aliyekosa walimu, vitabu au utulivu nyumbani hawezi kujua jeni zake zingemfikisha wapi.

Mtaalamu wa Lishe
Naunga mkono. Katika nchi nyingi, alama za vipimo vya akili zilipanda kwa takriban pointi 3 kila muongo katika karne ya 20, na jeni za binadamu haziwezi kubadilika kwa kasi hiyo. Katika ujauzito, hakikisha unapata madini joto ya kutosha, kwa sababu upungufu wake mkubwa hudhuru ubongo wa mtoto; epuka pombe kabisa, na baadaye mkinge mtoto na madini ya risasi yaliyomo katika baadhi ya rangi za zamani. Hata ugonjwa wa fenilketonuria, unaorithiwa moja kwa moja, hauharibu akili iwapo mtoto atagunduliwa mapema na kupewa chakula chenye kidogo cha fenilalanini, mojawapo ya viambato vya protini.

Mleta mada
Nawashukuru sana. Je, kuna haja ya kupima vinasaba vya mtoto ili kujua atakuwa na akili kiasi gani?

Mwalimu wa Baiolojia
Kwa lengo hilo, hapana. Vipimo vilivyopo hueleza sehemu ndogo tu ya tofauti za akili na havimtabirii mtoto mmoja mmoja. Lakini ikiwa katika familia zenu kuna ulemavu wa akili unaojirudia, mweleze daktari wako katika hudhurio lijalo ili awaelekeze kwa mshauri wa magonjwa ya kurithi.