Wakala wa mizigo kanitoza kilo za boksi, kisha kaniletea Ford yangu kwenye kiroba

Heri ya jioni wakuu. Naandika nikiwa na hasira na sina mpango wa kuipoza kwanza, kwa hiyo mtanivumilia. Naomba pia uzi huu usiunganishwe na ule wa simu na viatu vilivyochelewa, kwa sababu kilichonikuta ni kitu kingine kabisa.

Kuna wakala wa mizigo hapa Dar, ofisi yake iko Kariakoo, jina siliweki. Nilimpa kazi ya kuniletea seti ya modeli kutoka Marekani, yaani vipande vya plastiki vya kujiundia gari dogo: Ford ya 1932, kupe (gari la milango miwili) ya madirisha matano, skeli 1:25, yaani dogo mara 25 kuliko gari halisi, ya kampuni ya Revell. Nililipia ndege. Akanitoza kwa ukubwa wa boksi badala ya uzito, na sikubisha, maana hesabu hiyo naijua na wengi wanaosafirisha kwa ndege wanaitumia. Unachukua urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, unagawanya kwa 6000, unapata kilo za kulipia. Boksi la 36 kwa 24 kwa 8 linatoka kilo 1.15, wakati plastiki iliyomo ndani haifiki hata nusu kilo. Sawa. Nikalipa, maana boksi lile ndilo linalolinda kila kitu kilichomo.

Siku ya kuchukua mzigo nikakabidhiwa kiroba.

Boksi halipo. Walilichana na kulitupa huko huko walikopokelea, wakamwaga vipande vyangu vyote ndani ya kiroba na kukibana kwenye katoni moja na mizigo ya watu wengine. Nasema ya watu wengine kwa sababu humo ndani nimekuta pedi ya breki. Pedi ya breki ya gari la kweli, chuma kizito, imelala juu ya vipande vya plastiki vyembamba kuliko njiti ya kiberiti. Mwenye pedi yake kama yumo humu, ipo kwangu, aje aichukue.

Sasa tuelewane vizuri hapa, maana ndiyo hoja yangu yote. Nimelipa nafasi ya boksi kwenye ndege. Boksi halikupanda ndege. Nafasi ile ikajazwa mzigo wa mwingine, na huyo mwingine naye amelipa. Nafasi moja imeuzwa mara mbili, na mimi ndiye niliyebaki na vipande vilivyovunjika. Halafu nikaambiwa nishukuru kwamba nimesaidiwa.

Nilipomuuliza wakala, alinijibu hivi: "Kaka, vitu si vyote vipo? Hiyo midoli, mtoto hata hataona."

Mtoto gani? Nina umri wa kuwa na watoto wa sekondari na seti hii hakuna mtoto atakayeigusa. Kampuni ya AMT ya Michigan tangu 1958 ilikuwa inauza seti zenye vipande vya kujengea gari moja kwa njia tatu: kama lilivyotoka kiwandani, kama lililobadilishwa na mwenyewe, au la mashindano. Watu wazima wamekuwa kwenye kazi hii miaka yote hiyo. Na Ford ya 1932 si gari lililookotwa tu. Ni mwaka huo Ford walipomuuzia mtu wa kawaida injini ya V8, inchi za ujazo 221, nguvu farasi 65. Vijana wa California wakawa wanayanunua yakishakuwa mitumba, wanang'oa madigadi na kila kinachoongeza uzito, wanaitia injini makali, kisha wanakwenda kuyafukuzisha kwenye maziwa yaliyokauka ya Muroc na El Mirage. Kufika 1937 walikuwa na chama chao, SCTA, cha kusimamia mbio na kupima kasi. Hapo ndipo yalipotoka magari tunayoyaita hotirodi. Anayejenga modeli yake anajenga historia hiyo kipande kwa kipande, mpaka bomba la mafuta na waya za plagi.

Hapa hapa mjini kuna vijana wanaotengeneza mabasi ya mikoani madogo kwa mabati na plastiki, vioo, stika, taa, kila kitu mahali pake. Nendeni mkawaambie wale kwamba ni midoli.

Nije kwenye uharibifu, na hapa nitakaa kidogo.

La kwanza ni paa. Matairi ya seti hizi ni ya vinili laini. Ule ulaini unatokana na kemikali ya mafuta iliyochanganywa humo, na kemikali hiyo ina tabia ya kuhama taratibu na kuingia kwenye plastiki ya polistirini, ambayo ndiyo bodi, na kuilainisha mpaka inayeyuka. Joto likiwepo kazi inakwenda haraka zaidi. Ndiyo maana matairi hufungwa mfuko wake peke yake, mbali na bodi na vioo. Hawa waliufungua mfuko. Kisha mzigo ukakaa kwenye ghala lao, paa la bati, joto la Dar la Januari na Februari mnalijua, kila nikipiga simu naambiwa "bado tunapanga, kaka". Nimekuta tairi la nyuma limenatia juu ya paa la kupe. Nilipolibandua likaacha duara lililozama, na kashata za tairi zinaonekana kabisa ndani yake, zimechongeka kwenye plastiki. Ukipitisha kucha inakwama.

Na paa ndilo nililokuwa nimenunulia seti hii. Nilipanga kulishusha inchi 3 za gari halisi. Kwenye 1:25, inchi moja ya gari la kweli ni milimita moja na punje kidogo, kwa hiyo kazi nzima ni milimita 3. Unabandika utepe kwenye nguzo za madirisha, unachora mistari miwili, unakata kwa msumeno mwembamba wa wembe, unalishusha paa, unaunganisha. Ukikosea nusu milimita umekosea nusu inchi ya gari, na jicho litaona tu. Uzuri wa Ford ya 1932 ni kwamba nguzo zake za mbele ziko karibu wima, kwa hiyo paa likishuka bado zinakutana. Magari ya miaka ya baadaye yenye kioo kilicholala, ukishusha paa nguzo zinapishana na inabidi urefushe paa lenyewe. Kwa hiyo hii ilikuwa kazi inayowezekana, nimeisomea, vifaa ninavyo. Sasa kabla sijagusa msumeno nina duara la kujaza puti, kusubiri, kupiga msasa wa 400 mpaka 1000, katika sehemu iliyo bapa kuliko zote na inayopokea mwanga wote. Ukipulizia rangi ya kung'aa pale juu, bonde la unene wa karatasi linaonekana.

La pili ni ekseli ya mbele. Imevunjika katikati, nadhani ni chini ya ile pedi. Mtu atasema paka gundi. Gundi ya polistirini haishiki kwa kunata, inayeyusha pande zote mbili kidogo zikaingiana zikawa kitu kimoja. Lakini ekseli hii imepakwa krome, na krome ya modeli ni utando wa alumini juu ya varnishi, gundi haipenyi pale. Lazima uikwangue krome kwenye mkato, na ukishaikwangua unabaki na kovu katikati ya kitu kinachong'aa kama kioo. Njia safi ni kuivua krome yote kwa kuiloweka kwenye Jik, kisha kupaka nyeusi ya kung'aa, kisha rangi ya fedha juu yake. Na ukimvulia huyu mmoja inabidi uwavulie na wenzake, rimu, taa, bampa, la sivyo kila kimoja kina mng'ao wake. Kipande kimoja kilichovunjika kimeniharibia fremu nzima ya krome, yaani vipande vyote vya krome vinavyokuja vimeshikana pamoja.

Chesisi imepinda. Nimeilaza juu ya kipande cha kioo na kona moja imekaa hewani. Hiyo naweza kuinyoosha kwa maji ya moto na uvumilivu. Vioo vimechubuka, nitavisugua. Stika za maji zimekunjwa mara mbili na rangi imepasuka kwenye mkunjo, hizo zimekufa. Karatasi ya maelekezo imelowa, hiyo nawasamehe, inapatikana mtandaoni.

Kuna hoja aliyonitolea ambayo ilinikera kuliko zote, kwamba hata forodha wanaandika midoli. Ni kweli kifungu cha 9503 kwenye orodha ya forodha kinaweka midoli na modeli za kupunguzwa pamoja. Na kwa hiyo? Ushuru nimelipa. VAT ya 18% nimelipa. Na VAT haiangalii bei ya seti peke yake, thamani inayotozwa inahesabu na nauli na bima mpaka mzigo unapofika. Maana yake nimelipa mpaka kodi ya nauli ya boksi ambalo halikusafiri. Serikali imepokea kodi ya seti kamili, yeye amepokea nauli ya seti kamili, mimi nimepokea kiroba. Risiti ya EFD sijapewa mpaka leo, nina ujumbe wa WhatsApp tu na picha ya mzani.

Nimeona tayari mkuu mmoja ameandika kwamba kwa nini nisinunue hapa hapa. Wapi? Kariakoo utapata magari ya chuma yaliyokwisha kuundwa, mazuri tu, lakini hayo ni ya kuweka kabatini, huwezi kuyakata paa. Seti za kujenga hazikai dukani. Na si seti tu. Rangi za makopo ya kupuliza na gundi zenye vimiminika vinavyowaka haviruhusiwi kwenye posta ya ndege, kwa hiyo tunahangaika na rangi za magari na thina za hapa, na thina kali ikigusa polistirini inaichanachana uso mzima. Msimu wa masika nao unyevu unaingia kwenye rangi ikiwa mbichi, asubuhi unakuta imepauka nyeupe. Haya yote tunayabeba bila kulalamika kwa mtu, kwa sababu ni hali ya hewa na ni sheria ya usalama. Lakini mtu kuchana boksi kwa kisu ili auze nafasi yangu si hali ya hewa.

Mwingine kasema mawakala wote wanatoa maboksi ili kupunguza kilo na wateja wanafurahi. Sikatai. Kwa viatu na nguo ni msaada, na nauli inashuka. Mimi nauli haikushuka. Kama unatoa boksi, unanipigia kwanza, unanipimia upya bila boksi, unanitoza nusu kilo. Kama unanitoza boksi, unaniletea boksi. Hakuna njia ya tatu hapo. Na kwenye kuagiza nilimwandikia wazi "isifunguliwe, vitu vinavunjika", akanijibu "usijali kaka". Ujumbe upo, ninao.

Ninachodai ni hiki: tofauti ya kilo 1.15 na uzito halisi wa kile alicholeta, risiti yangu, na gharama ya bodi na fremu ya krome. Nimemwandikia leo mchana na nimempa mpaka Ijumaa. Akinyamaza, napeleka ujumbe zote, picha ya mzani na kiroba chenyewe Tume ya Ushindani, wao ndio wenye Sheria ya Ushindani ya 2003 na kumlinda mlaji ni kazi yao. Kama kuna mkuu humu aliyewahi kupeleka kesi ya wakala wa mizigo kule, naomba aniambie walitaka vielelezo gani, niviandae mapema.

Na kama kuna mtu Dar, au hata Arusha na Mwanza, ana bodi ya ziada ya kupe ya 1932 ya Revell, skeli 1:25, hata kama imeshapakwa rangi, aje PM tuongee bei. Ya AMT haitanifaa, haikai kwenye chesisi hii. Ekseli ya mbele pia nanunua.