Spageti ya siku ya posho inanishikamana, munisaidie

Wa Katindo

Bandugu na badada, niko na swali, na naomba munijibu vizuri ju hii mambo inaniuma kabisa. Kila siku ya posho, njo Jumamosi, mangaribi marafiki banakuja kwangu hapa Katindo, mu Goma, tuko watu nane, na mimi njo nilisema nitakuwa napika spageti, ju ugali na sombe (majani ya muhogo) kila mutu anakula kwao wiki muzima. Sosi yangu haina shida. Nyanya mubichi, kitunguu mingi, seleri, nyama ya kusaga, naiacha kwa makala pole pole muda wa saa moja na nusu, mafuta inapanda juu, harufu inafika kwa jirani. Shida ni spageti yenyewe. Paketi inaandika dakika 8, nahesabu na simu dakika 8 kamili, naonja, katikati bado iko na moyo ya unga mubichi. Narudisha kwa moto, nachuja, naosha na maji ya baridi, naweka pembeni, na wakati ya kupakua unaingiza fursheti na sufuria muzima inainuka pamoja kama kofia. Na mafuta naweka ndani ya maji vile mama alinifundisha, lakini wapi.

Posho iliyopita kaka moja ya kwetu alikula, akashukuru vizuri, kisha akaniuliza na sauti ya chini kama hakubaki ugali kidogo mu nyumba. Ni rafiki ya kweli na hakutaka kuniumiza, lakini usiku niliiwaza sana. Munambie nakosea wapi, ila musiniambie niache, ju hii meza njo inatukutanisha.

Mtoto wa Himbi

Yaya, pole sana, nilikuwa pale na nilikula sahani mbili kwa hiyo usiseme chakula yako ilikuwa mubaya. Lakini dakika 8 ya paketi haikuandikwa kwa ajili ya Goma. Sisi tuko juu, karibu metre 1 500 toka usawa wa bahari, na kila ukipanda kama metre 300 maji inachemka na digrii moja ya chini. Kule pwani maji inachemka kwa 100, huku kwetu ni kama 95 tu. Unaona inaruka-ruka mu sufuria unasema iko moto ya mwisho, kumbe moto yake haitoshi kama ya kule bameandika paketi. Ni sawa na maharagwe, bamama yetu banajua huku inachukua makala mingi. Kwa hiyo hesabu dakika 10 ao 11, na toka ya 9 anza kuonja moja moja, meno yako njo saa.

Kitu ya pili, mafuta ndani ya maji haisaidii kitu, inaelea juu, spageti iko chini, hazikutani mpaka wakati ya kumwaga. Kinachofanya ishikamane ni ile unga yake inayotoka mu dakika mbili za kwanza, inakuwa kama gundi. Hapo njo unapaswa kukoroga, usiende kuangalia simu. Na usioshe! Ile utelezi unaimwaga na maji ya baridi njo ingeshika sosi yako. Ukiosha, sosi inashuka chini ya sahani na spageti inabaki nyeupe juu, unakula vitu viwili tofauti.

Lushois wa Kamalondo

Mimi niko Lubumbashi, huku hatuko juu kama ninyi, kama metre 1 200 hivi, lakini hata hapa paketi inadanganya kidogo. Na huyu kaka ya ugali namuelewa, huku mutu anaweza kula sahani tatu ya spageti na akikutana na mama yake anasema toka asubuhi sijakula, ju bukari, njo ugali yetu, haikupita. Yaya, usimkasirikie, hiyo ni tumbo inaongea, haiko roho.

Swali yangu kwa wa Katindo: unatumia maji ngapi? Baitalia banahesabu litre 1 ya maji kwa gramu 100, na chumvi gramu 10. Watu nane ni paketi mbili za gramu 500, sasa ni litre 10 ya maji, na nani ako na sufuria ya vile, na makala ya kuichemsha inatoka wapi? Kama umeingiza paketi zote mbili mu sufuria ya litre 4, moto inakufa palepale, maji inakaa dakika tano bila kuchemka tena na spageti inalala chini inakuwa ukuta. Pika paketi moja, itoe, pika ya pili mu maji ileile. Hiyo maji ya pili itakuwa nzito, na hiyo njo nzuri zaidi kwa sosi, chota kikombe uweke pembeni mbele ya kumwaga.

Wa Katindo

Litre 4 kabisa, umeiona toka Lubumbashi! Na paketi zote mbili. Merci sana bandugu. Niongeze kitu nilisahau kusema: naipika saa kumi na mbili, ju njo saa tunapeana.

Mtoto wa Himbi

Saa kumi na mbili?! Yaya, sisi tunafika saa mbili!

Mama wa Keshero

Batoto yangu, nilikuwa nasoma tu kimya lakini hapo siwezi nyamaza. Masaa mbili spageti imekaa mu sufuria imefunikwa inangoja wageni, hata angekuja mupishi wa Roma itashikamana. Ugali inaweza kungoja, unaifunika na inabaki ugali. Makaroni haingoji mutu, mutu njo anangoja makaroni. Fanya sosi yako mapema, hiyo ikikaa inazidi kuwa tamu, maji iwe moto tayari kwa mbabula (jiko ya makala) ya pili, na usitupe hata kijiti moja mu maji mpaka uone wote banakaa. Dakika kumi na moja hakuna mutu atakufa na njaa, bakate salade.

Sasa niwaambie vile mimi napika, ju nyama ya kusaga kila wiki inamaliza mufuko. Naenda soko ya Kituku, kando ya ziwa, asubuhi mapema wakati bavuvi banarudi na sambaza ya usiku, ile samaki ndogo ndogo, ile ingali inangaa kama feza. Naosha maji tatu mpaka mchanga inaisha, natandika juu ya kitambaa ikauke, hapo musikimbie, sambaza yenye maji inaruka mu mafuta na inalainika. Chumvi, mafuta ya moto sana, kidogo kidogo, mpaka ukiitikisa inalia kama majani makavu. Sosi ya nyanya na pilipili pembeni. Na fromaji (jibini) ya Masisi, ile ya duara, naipara ndogo sana. Spageti ikitoka kwa maji inaingia mu sosi, naweka ile maji ya Lushois anasema kama nusu kikombe, nakoroga, NATOA KWA MOTO, kisha fromaji. Ukiweka fromaji sufuria ikiwa juu ya makala inavutana kama mpira na mafuta yake inajitenga. Sambaza inakuja ya mwisho, juu, mu sahani, ili ibaki kavu.

Lushois wa Kamalondo

Mama heshima zako, lakini samaki na fromaji pamoja? Baitalia wengi hiyo banakataa kabisa.

Mtoto wa Himbi

Ni kweli banakataa, lakini pasta na samaki wadogo ni yao kabisa, mu kisiwa cha Sicily bako na ya sadini, banaweka na zabibu kavu, na juu badala ya fromaji banamwaga makombo ya mukate ya kukaanga. Tunaweza jaribu na mukate ya jana.

Mama wa Keshero

Mukate mutajaribu, sikatai. Lakini sambaza yenyewe ilikuja mugeni hapa, bazee banatuambia haikuwa mu ziwa Kivu mbele, ililetwa toka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, na leo nani anaweza waza Goma bila sambaza? Na ile fromaji bapadri Babeleji njo balianza kufundisha kule Masisi, leo ni ya kwetu. Kama vile viwili vilizoea kukaa huku vinaweza kukaa pia mu sahani moja.

Wa Katindo

Bandugu, narudisha habari ya jana. Sambaza nilipata Kituku, mama moja aliniongezea kiganja nzima. Bamefika saa mbili na robo, nikangoja bote bakae, nikatupa paketi ya kwanza, nikakoroga bila kuacha, dakika 10 bado, dakika 11 ikatoka vizuri, ukiuma inajibu kidogo. Kila moja ilikuwa peke yake, inateleza, sosi imeishika mpaka mwisho. Paketi ya pili ilitoka wakati ya kwanza inaisha, kwa hiyo watu bamekula ya moto mara mbili. Yule kaka alipangusa sahani na mukate. Ugali hakuuliza. Aliuliza kama ile imebaki anaweza kubeba, asubuhi aikaange na mayai, nikamufungia mu sahani ya plastiki.

Posho ijayo nani anapitia kuchukua fromaji? Yangu imebaki ngozi tu.

Mtoto wa Himbi

Mimi nitaileta. Na nitafika saa kumi na mbili, nikusaidie kuosha sambaza.