Naombeni ushauri: nikisafisha mvumo kwenye rekodi, sauti ya babu nayo inaharibika

MwanaAhero
Wadau, hamjambo. Nina rekodi ya dakika 11 ya babu akiongea Dholuo, niliichukua kwa simu nyumbani kwake Ahero. Nyuma kuna mvumo unaofunika maneno, hasa mwisho wa sentensi anaposhusha sauti. Nimepitisha Noise Reduction (kipunguza kelele) ya Audacity, programu ya kuhariri sauti. Mvumo umepungua, lakini sasa babu anasikika kama anaongea ndani ya mtungi. Niongeze nguvu ya kusafisha, ama nitafute programu nyingine? Naihitaji kabla ya Ijumaa.

FundiSauti_Nakuru
Programu haina neno. Uliweka namba gani?

Utaratibu ni huu. Tafuta sekunde moja au mbili ambapo babu amenyamaza na mvumo uko peke yake, hata pumzi isiingie. Chagua kipande hicho, fungua Noise Reduction, bonyeza "Get Noise Profile". Kisha chagua rekodi nzima, urudi dirisha lile lile. Matoleo mengi ya programu yanaleta yenyewe upunguzaji wa desibeli 12. Kwa sauti ya mtu, hiyo 12 unaishusha hadi 9 au hata 6, huipandishi. Kabla ya kukubali, chagua "Residue" usikilize kinachotupwa. Ukisikia silabi za babu humo, umezidisha.

Huo mtungi unatoka hapa: programu inagawa sauti katika vipande vyembamba vya masafa, na kila kipande kilicho chini ya kiwango cha kelele kinashushwa. Herufi nyepesi kama s, f na h zinafanana na kelele, kwa hivyo zinakwenda nayo. Vinavyobaki vinawaka na kuzima, ndiyo unasikia kama mapovu.

Mama_Milimani
Mrekodi tena, ndugu yangu, utajiokolea kazi. Simu iwe kiganja kimoja kutoka mdomoni, kando kidogo ili pumzi isipige maikrofoni. Friji izimwe, madirisha yafungwe, blanketi nzito itundikwe nyuma yake. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yake inapanda karibu desibeli 6 na mvumo unabaki palepale. Hakuna programu itakayokupa hizo 6 bila kuchukua kitu.

MwanaAhero
Haiwezekani kumrekodi tena. Namba niliweka 30. Nikapitisha mara tatu.

FundiSauti_Nakuru
Mara tatu juu ya ile iliyokwisha kusafishwa? Faili ya kwanza iko wapi?

MwanaAhero
Nilihifadhi juu yake, kwa MP3. Simu ilikuwa imejaa, singeweza kuweka mbili. Lakini msinilaumu sana, kwa sababu jana nilipata huduma ya akili bandia kwenye mtandao, nikaipa ile faili, na imetoa sauti safi kama ya redio. Kusema kweli nimeshaamua kutumia hiyo. Nilitaka tu kujua kama kuna ubaya.

Onyango_wa_Dunga
Kwa nini haiwezekani kumrekodi? Sema yote, watu wakusaidie.

MwanaAhero
Babu ametutoka Jumatatu. Kwenye rekodi anasema angependa azikwe wapi. Familia imegawanyika mara mbili. Ijumaa tunakaa, na nimeahidi kuicheza mbele ya wazee.

Onyango_wa_Dunga
Pole sana, omera. Hilo ndilo ungeanza nalo. Mazishi si jambo la kukimbilia. Kesi ya S. M. Otieno, yule wakili ambaye mjane wake na ukoo waligombania mahali pa kumzika, ilimweka marehemu mochari tangu Desemba 1986 hadi Mei 1987. Kaeni chini kama familia kabla hamjafika kwa mawakili.

WakiliKando
Na mkifika kwa mawakili: kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinahitaji cheti kinachoeleza rekodi ilivyotolewa na kifaa kilichotumika. Faili iliyobadilishwa bila maelezo itakutesa.

FundiSauti_Nakuru
Poleni sana. Sasa nakuomba hiyo ya akili bandia usiicheze. Programu za aina hiyo haziondoi kelele peke yake, nyingi zinaiunda sauti upya. Pale neno lilipozama, zinajaza kwa kukisia, na kisio linatoka wazi kama neno la kweli. Kwa jina la mahali pa kaburi, hilo halikubaliki.

Spektra254
Mimi nina shaka na kisa chenyewe. Nimefungua zile sekunde 20 alizoweka kwenye wasifu wake. Kwenye spektrogramu, yaani picha ya masafa ya sauti, mstari wa mvumo uko 52 Hz (mitetemo 52 kwa sekunde) na unayumba hadi 51. Umeme wa Kenya ni 50. Hiyo haikurekodiwa Ahero. Mtu ametunga hadithi ya msiba ili ahudumiwe haraka.

MwanaAhero
Siwezi kutunga kifo cha babu yangu. Stima zilikuwa zimepotea siku hiyo. Jirani aliwasha jenereta.

FundiSauti_Nakuru
Spektra, angalia 78 Hz, kuna mstari mwingine. Stima ingekupa 50, 100, 150. Jenereta ndogo inazunguka mara 3,000 kwa dakika, hiyo ndiyo 50, lakini mzigo ukiwa mdogo injini inakimbia zaidi kidogo. Na injini ya silinda moja ya mipigo minne inalipuka mara moja kila mizunguko miwili: nusu ya 52 ni 26, mara tatu ni 78. Kijana anasema kweli.

MwanaAhero, uliwahi kumtumia mtu yeyote ile ya kwanza?

Spektra254
Nimeona. Nakuomba radhi, na pole kwa msiba.

MwanaAhero
Shangazi wa Kondele, kwa WhatsApp, siku ile ile.

FundiSauti_Nakuru
Mwambie akutumie kama hati, ifike ilivyo. Weka nakala moja usiiguse kabisa. Nyingine igeuze iwe WAV, kisha:

Kata besi chini ya 80 Hz, mteremko wa desibeli 24 kwa oktava. 26 na 52 zinaondoka, 78 inapungua. Halafu kichujio cha notch, kinachokata masafa membamba tu, kwenye 104, yaani 26 mara nne. Hapo ndipo wengi wanakosea: wanaweka Q (namba ya wembamba wa mkato) ya 30, mkato unakuwa na upana wa kama 3.5 Hz tu, na jenereta inayoyumba inatoka nje yake. Weka Q 10. Usishuke zaidi, kwa sababu sauti ya mwanamume inaanzia masafa hayo hayo. Ndipo Noise Reduction, desibeli 6, mara moja tu. Mwisho wa sentensi upandishe kwa mkono, kwa kifaa cha Envelope. Kompresa, ile inayosawazisha sauti kubwa na ndogo yenyewe, itainua mvumo pamoja naye.

Wachezee kwanza ile isiyoguswa, kisha hii.

MwanaAhero
Shangazi ametuma. Nimefuata hatua zote, mtungi umeisha, hata kikohozi chake nakijua. Lakini dakika ya nane, pale anapotaja mahali, ile ya akili bandia ilisema "Kobura", wazi kabisa. Hapa nasikia "Ko", halafu anashusha sauti na jenereta inameza. Inaweza kuwa Kochogo.

FundiSauti_Nakuru
Usiisafishe zaidi ya hapo. Wazee waisikie hivyo.