Crawford kastaafu. Ukisahau habari ya kilo, nani sasa bondia namba moja duniani?

FundiSimu_Mabibo

Wakuu, habari za jioni. Tangu Crawford, yule Mmarekani, atangaze wiki hii ya Desemba 2025 kwamba anatundika glovu, kijiweni kwetu hapakaliki. Mimi nasema namba moja wa dunia nzima, uzito wowote ule, bado ni yeye hata kama ameondoka. Mapambano 42, ushindi 42, na amekuwa bingwa asiyepingika (mwenye mikanda yote minne mikubwa) katika uzito wa aina tatu, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya. Jirani yangu wa duka la nafaka anasema mtu akistaafu anatoka kwenye orodha palepale, kwa hiyo kiti ni cha Usyk, Muukraine wa uzito wa juu. Dogo anayenisaidia kazi yeye ni Inoue tu, yule Mjapani mdogo, hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Tumewekeana chipsi mayai kwa kijiwe kizima. Naomba wenye kuijua ngumi mnipangie watano, na sababu zake, siyo orodha za kunakili. Halafu nina swali la pembeni: unamlinganishaje mtu wa kilo 55 na mtu wa kilo 100? Si Usyk akimgusa Inoue mara moja tu tunaita gari la wagonjwa?

MtotoWaChumbageni

Namba moja Mwakinyo. Namba mbili Mwakinyo akiwa na njaa. Namba tatu Mwakinyo wa tarehe 8 Septemba 2018, alipoitwa Birmingham kumsindikiza Sam Eggington nyumbani kwake, akammaliza raundi ya pili. Chipsi zije Tanga, na pilipili ya kutosha.

Njoro_wa_Umoja

Mimi niko na huyo kijana wa dukani. Watu wa uzito mkubwa wanapendwa kwa sababu wanaonekana vizuri kwenye televisheni, lakini ndondi zenyewe ziko kwa Inoue. Angalia Julai 2023. Amepanda uzito mpya, super bantam (kilo 55 hivi), na pambano la kwanza kabisa huko anapewa Stephen Fulton, bingwa ambaye hajawahi kupoteza na ni mrefu kumliko. Raundi ya nane, kwisha. Desemba ya mwaka huohuo anamlaza Tapales raundi ya kumi, mikanda yote minne ni yake. Na mwaka mmoja nyuma alikuwa amefanya hivyohivyo kwenye bantam.

Najua mtaniletea hadithi ya Nery na Cardenas kumwangusha. Ni kweli walimwangusha, mmoja raundi ya kwanza pale Tokyo Dome, mwingine raundi ya pili huko Las Vegas. Nery hakumaliza raundi ya sita. Cardenas hakumaliza ya nane. Sasa niambieni Crawford lini aliamka kutoka chini hivyo akashinda.

KochaWaKona

Fundi, nilipiga ngumi za ridhaa uzito wa bantam na siku hizi nafundisha vijana huku Keko, kwa hiyo nitaandika kirefu. Ukichoka ruka.

Naanza na swali lako la pembeni kwa sababu ndilo la maana zaidi. Hakuna anayesema Inoue atampiga Usyk. Orodha hii ya paundi kwa paundi ilipata nguvu kwa sababu watu wadogo walikuwa wanaonewa. Enzi za Sugar Ray Robinson, miaka ya 1940 na 1950, mfalme wa ngumi alikuwa bingwa wa uzito wa juu. Fedha zake, picha ya mbele ya gazeti yake. Waandishi wakawa wanamtazama Robinson, mtu wa welter (kilo 66 hivi), anafanya ulingoni mambo ambayo wale wakubwa hawayaoti hata usingizini. Wakatafuta namna ya kusema kwamba kama Mungu angewapa wote kilo sawa, huyu angewachapa. Basi. Ni mchezo wa kufikirika, ndiyo maana kila mtu ana wake na hakuna kesi itakayoamuliwa. Jarida la The Ring lilianza kuchapisha orodha yake mwishoni mwa miaka ya 1980, na aliyekaa juu kwanza alikuwa Mike Tyson, mpaka Buster Douglas alipomlaza chali Tokyo, Februari 1990. Yaani kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya wadogo kikaanza na jitu la uzito wa juu.

Mikanda mimi siihesabu sana. Mwanzoni mwa mwezi huu WBC, moja ya vyama vinne vinavyotoa mikanda ya dunia, walimvua Crawford mkanda wao kwa ugomvi wa ada. Je, asubuhi ile mkono wake ulipungua kasi? Na hiyo sifuri mnayoiabudu kwenye rekodi, Robinson hakuwa nayo. LaMotta alimpiga Detroit mwaka 1943, na walipomalizana baada ya mapambano sita, Robinson alikuwa ameshinda matano. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayemtoa Robinson kileleni kwa ajili ya usiku mmoja wa Detroit.

Ninachotazama ni hiki: bondia akinyang'anywa mwili wake, anabaki na nini? Kila mtu ni hodari akiwa mkubwa kuliko mwenzake. Gym kwangu nina kijana anawasumbua wote wa uzito wake kwa sababu ana mikono mirefu kama mlingoti. Nikimpandisha na mkubwa kidogo anageuka mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Crawford alinyang'anywa akabaki na kila kitu. Alichukua mkanda wake wa kwanza wa dunia Glasgow, Machi 2014, kwa Ricky Burns, kwenye pauni 135. Kwa Mmexico Canelo Alvarez, Septemba iliyopita, alikuwa pauni 168. Ni kutoka kilo 61 hadi 76. Lakini nitasema jambo litakalokuudhi, Fundi: pambano la Canelo silo bora lake. Canelo alikuwa na miaka 35, mapambano zaidi ya 60 mgongoni, na Bivol alikwisha kumpiga na kuonyesha njia tangu Mei 2022. Bora lake ni la Errol Spence, 29 Julai 2023. Spence alikuwa na mikanda mitatu na hajawahi kupigwa. Akaangushwa raundi ya pili, akaangushwa mara mbili raundi ya saba, mwamuzi akasimamisha ya tisa. Rudia kulitazama ukiwa umezima sauti ya watangazaji. Crawford kuzaliwa ni mtu wa mkono wa kulia, lakini anasimama kama mashoto, kwa hiyo mkono wake unaotangulia, ule ambao kwa wengi ni wa kupimia tu, kwake ndio wenye nguvu. Spence alikuwa anajikinga na ule wa nyuma, na wa mbele unamuumiza. Hilo halifundishiki kwa wiki mbili.

Kuna na lile la Julius Indongo, Mnamibia wa watu, Agosti 2017 kule Lincoln, Nebraska. Indongo alikuja na mikanda miwili mkononi. Raundi ya tatu akala moja ya mwilini na hakuweza kuinuka. Vijana wangu huwa nawaonyesha hiyo, kwa sababu wote wanapenda kupiga kichwa tu.

Sasa Usyk. Huku ndiko jirani yako ana hoja kuliko anavyojua mwenyewe. Uzito mwingine wote una dari. Mtu anajikausha, anapima siku moja kabla, halafu anakula na kunywa usiku kucha na kupanda ulingoni akiwa mtu mwingine. Pacquiao na Margarito mwaka 2010 walipima wakiwa wamepishana pauni tano hivi. Usiku wa pambano Margarito alikuwa mzito kwa pauni 17 hivi. Udanganyifu huo una kikomo chake, lakini. Uzito wa juu hauna dari kabisa. Mei 2024 Riyadh, Mwingereza Tyson Fury alipima pauni 262, Usyk 223 na nusu. Kilo 17. Waliporudiana Desemba, walipopima na nguo zao, Fury alikuwa 281, Usyk 226. Hiyo ni tofauti ya kilo 25, yaani mfuko mzima wa sembe umening'inia mwilini mwa mwenzako, na huo mfuko unakuegemea kwa raundi kumi na mbili.

Lile la kwanza lilikuwa la nywele. Majaji wawili walimpa Usyk, 115-112 na 114-113, mmoja akampa Fury 114-113. Raundi ya tisa Fury alihesabiwa akiwa anayumba kwenye kamba. Ondoa kule kuhesabiwa, kulikomgharimu pointi moja, fanya hesabu upya, utapata sare. La pili halikuwa na ubishi, majaji wote watatu 116-112. Halafu Julai mwaka huu, Wembley, akiwa na miaka 38, akamlaza Dubois raundi ya tano. Na huyu ndiye aliyekuwa amekusanya mikanda yote ya cruiser, uzito ulio chini ya ule wa juu, huko Moscow mwaka 2018. Mtazame miguu. Mguu wake wa mbele uko nje ya mguu wa mpinzani muda wote. Jitu linageuka kumtafuta, yeye ameshaondoka.

Kwa hiyo wangu: Usyk, Crawford, Inoue, Jesse Rodriguez wa San Antonio, Bivol. Crawford namba mbili kwa wiki hii tu. Kawaida ya orodha nyingi ni kumtoa aliyestaafu, kwa hiyo wakimtoa wengine wanasogea. Rodriguez namweka juu ya Bivol kwa sababu ya Estrada, Juni 2024: yeye mwenyewe aliangushwa raundi ya sita, ya saba akammaliza kwa ngumi ya mwili. Bivol alimrudi Beterbiev Februari, lakini tangu hapo mgongo umemweka nje.

Njoro, umeuliza Crawford lini aliamka kutoka chini. Hajawahi kuwekwa chini kihalali huko kwenye ubingwa, ndugu yangu, na hilo nalo ni jibu.

Njoro_wa_Umoja

Kocha heshima yako, lakini Usyk ana mapambano 24. Inoue amepanda Septemba hii tena Nagoya akamchezesha Akhmadaliev raundi zote kumi na mbili kwa pointi, mtu ambaye kila mmoja alisema atamkimbia. Alipoangushwa na Cardenas mlisema hajui kujilinda. Akajilinda usiku mzima, mnasema haumizi.

MamaJunior_Tandika

Kaka zangu, mnasema "dunia nzima, uzito wowote", halafu nahesabu majina na simwoni mwanamke hata mmoja. Fundi, umeandika kwamba hakuna aliyewahi kuwa bingwa asiyepingika katika uzito wa aina tatu kabla ya Crawford. Claressa Shields je? Dhahabu mbili za Olimpiki, London na Rio. Alimaliza uzito wa kati mwaka 2019, akashuka super welter akamaliza 2021, na Februari mwaka huu, huko kwao Flint, akachukua uzito wa juu kwa Danielle Perkins. Crawford alifika hapo Septemba. Ni wa kwanza kwa wanaume wa enzi hii ya mikanda minne, andika hivyo.

Na hapa jirani tu, Fatuma Zarika wa Kenya alimnyang'anya Alicia Ashley mkanda wa WBC huko Marekani mwaka 2016. Njoro unatoka Nairobi unatuimbia Wajapani.

Njoro_wa_Umoja

Dada umenipiga raundi ya kwanza. Zarika tunamheshimu sana.

FundiSimu_Mabibo

Mama Junior nimekupata, nitarekebisha kijiweni. Kocha, jirani nimemsomea, amefunga duka mapema kwa furaha. Swali la mwisho: Mwafrika yupi ungemweka kwenye orodha ya wakati wote? Na usiseme Ali kwa sababu alipigana Kinshasa.

KochaWaKona

Mama Junior yuko sahihi. Shields ningemweka kwenye orodha ya wanawake juu kabisa, na kuchanganya orodha mbili nimeshindwa kwa sababu raundi zao ni za dakika mbili na ni kumi. Mchezo wenyewe unabadilika.

Mwafrika ni Azumah Nelson wa Ghana, na simtafuti wa pili. Uganda walikuwa na Ayub Kalule, bingwa wa WBA mwaka 1979, hajapigwa na mtu mpaka alipokutana na Sugar Ray Leonard Houston 1981. Walikuwa na John Mugabi aliyempa Hagler taabu ya kweli raundi kumi na moja, Machi 1986. Wote wawili wanaume. Lakini Azumah, Julai 1982, aliitwa kuziba pengo zikiwa zimebaki kama wiki mbili, New York, kupigana na Salvador Sánchez, mmoja wa mabondia wakubwa kabisa Mexico iliyowahi kuwatoa. Ghana walimjua, nje hakuna aliyemjua. Akaenda naye mpaka raundi ya 15 ndipo akasimamishwa. Sánchez alifariki kwa ajali ya gari wiki tatu baadaye, hawakurudiana.

Ukitaka kumwona akishinda, tafuta lile la San Juan, Desemba 1984, na Wilfredo Gómez, tena nyumbani kwa Gómez. Ukifika raundi ya 11 weka simu ya mteja chini.