Naanza kunyanyua vyuma: nianze na uzito gani, na nifanyeje nisiishie njiani?

Mgeni wa Vyuma
Wakuu, habari zenu. Nataka kuanza mazoezi ya nguvu. Nina siku tatu kwa wiki, saa moja kila siku, na sina jeraha lolote. Ratiba zimenichanganya: huyu anasema leo kifua kesho mgongo, yule anasema mwili mzima. Naomba mwongozo: mazoezi gani, uzito kiasi gani, na mbinu ya kutoacha, maana wengi huanza kwa kasi na kupotea ndani ya mwezi.

Fundi Chuma
Karibu mkuu. Mwili mzima, kila siku ya mazoezi. Nguvu ya miezi ya mwanzo hutokana zaidi na mishipa ya fahamu kujifunza kuitumia misuli uliyo nayo, na hilo linataka kurudiarudia. Ukigawa mwili vipandevipande, kila zoezi utaligusa mara moja tu kwa wiki.

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa: skwati, yaani kuchuchumaa na kusimama ukiwa na chuma mabegani, kusukuma chuma benchini, kuvuta chuma tumboni ukiwa umeinama, na kunyanyua kutoka sakafuni, yaani dedilifti. Seti 3, yaani mafungu matatu ya marudio bila kupumzika ndani yake, kila seti mara 8. Dedilifti seti 2 za mara 5 zinatosha, kwa sababu inachosha mgongo kuliko mengine. Kati ya seti moja na nyingine pumzika dakika 2 hadi 3. Wanaopumzika sekunde 30 huishiwa pumzi kabla misuli haijafanya kazi yake.

Chuma kirefu cha kawaida peke yake ni kilo 20. Anza nacho hivyohivyo. Kikikushinda benchini, chukua dambeli, vile vyuma vifupi vya kushika kwa mkono mmoja. Kwenye dedilifti, chuma kisicho na sahani kubwa (vile vyuma vya duara vya kuongeza uzito) hulala chini mno, kwa hiyo kipandishe juu ya vibao hadi kifike katikati ya muundi. Uzito sahihi ni ule unaokuacha na uwezo wa kurudia mara 2 zaidi. Ukimaliza seti zote hivyo, safari ijayo ongeza kilo 2.5. Ukikwama mara tatu mfululizo, punguza asilimia 10 kisha panda tena.

Dada Misuli
Fundi kamaliza upande wa ratiba. Mimi naongezea mkao, na hapa tafadhali usiwe na haraka.

Dedilifti: chuma kikae juu ya katikati ya unyayo, sentimita 2 au 3 tu kutoka kwenye muundi. Kikisogea mbele, mzigo wote unahamia mgongo wa chini. Vuta pumzi ijae tumboni na ukaze tumbo kama anayesubiri ngumi, ndipo unyanyue.

Skwati: visigino viking'oka, mara nyingi vifundo vya miguu vimekakamaa, panua miguu kidogo, au weka sahani nyembamba chini ya kila kisigino. Magoti yakiingia ndani, yasukume yafuate vidole. Yakikataa, punguza kilo.

Benchini bila msaidizi, usifunge vibanio vya sahani. Chuma kikikulemea, unakiinamisha upande mmoja sahani zinateremka.

Na usiruke kupasha mwili: chuma kitupu mara 10, nusu ya uzito wa siku mara 5, robo tatu mara 3.

Mgeni wa Vyuma
Nashukuru sana. Mwili ukiuma kesho yake niendelee? Na kuhusu kutoacha?

Kocha wa Jioni
Maumivu ya misuli hufikia kilele kati ya saa 24 na 72, kisha hupungua. Endelea kwa uzito mwepesi. Maumivu makali ya kuchoma, au yaliyo ndani ya kiungo, hayo acha.

Kuhusu kutoacha, nunua daftari: tarehe, zoezi, kilo, marudio. Watu hukata tamaa kwa sababu wanajipima kwa kioo, na kioo huchelewa miezi 2 au 3. Kilo zinapanda kuanzia wiki za mwanzo kabisa, na ukiziona kwa maandishi yako mwenyewe, kesho unataka kurudi. Siku ukiwa umechoka, fanya skwati na benchi tu, dakika 20, uondoke. Ukikosa Jumatano, nenda Alhamisi. Kukosa mara mbili mfululizo ndiko kunakozaa kuacha.

Kula protini gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku; mwenye kilo 70 ni kama gramu 112. Lala saa 7 au zaidi. Baada ya wiki 12 tuwekee hapa namba za daftari lako, tuone kama ratiba inahitaji kubadilishwa.