Ramani ya makazi ya fisi maji: niiamini kwa kiasi gani?

Mwanafunzi, Nyegezi
Habari za kazi, wanajukwaa. Ninaandaa modeli ya mtawanyiko wa fisi maji (otter) kwenye mwambao wa kusini wa Ziwa Victoria kwa kutumia MaxEnt (programu ya kukadiria makazi ya viumbe), kumbukumbu za GBIF (hifadhidata ya kimataifa ya mahali viumbe vilipoonekana) na data za hali ya hewa za WorldClim zenye pikseli za takribani kilomita 1. Kipimo cha AUC, kinachoonyesha modeli inavyotofautisha makazi na yasiyo makazi, kinapendeza. Hata hivyo, ramani inaipa Rubondo alama za juu, inaiacha karibu Ukerewe yote bila kitu, na inahesabu vilima vya Sengerema kuwa makazi bora. Je, niwapelekee wapangaji wa hifadhi kama ilivyo?

Mtafiti, Ilemela
Usiipeleke bado. Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977, ina askari na watalii wanaoandika wanachokiona, ilhali mvuvi wa Ukerewe anayemkuta fisi maji amenasa kwenye nyavu za makila haandiki popote. Modeli yako imejifunza waangalizi walipo. Pointi za kulinganishia zichukue mahali ambapo mamalia wengine wameandikwa, ili upendeleo uwe uleule pande zote mbili. Kuhusu AUC, ukigawa pointi za majaribio kwa kubahatisha, pointi zilizo jirani huvujishiana majibu ya mtihani. Gawa kwa maeneo, kwa mfano ufundishe kwa Ghuba ya Speke na ujaribu kwa Ghuba ya Emin Pasha.

Mdau wa uvuvi, Ukerewe
Alama za juu za vilima hivyo zinatokana na ukubwa wa pikseli. Mnyama huyu huwinda samaki karibu na ufuko na kujificha kwenye mianya ya mawe au mafunjo, na kilomita 1 inachanganya maji, majabali na shamba la mihogo. Tumia picha za setilaiti za Sentinel-2 zenye pikseli za mita 10 kuuchora ukanda wa ufuko, kisha ongeza umbali hadi mwalo (mahali wavuvi wanaposhushia samaki) wa karibu. Nyavu hazionekani angani. Hizo waulize BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo), nao (ukienda kwa heshima) watakuambia mengi. Kumbukumbu za kabla ya furu (samaki wadogo wa ziwa hili) kupungua miaka ya 1980, sangara walipotamalaki, zitenge, kwa sababu chakula cha fisi maji kilibadilika.

Mtafiti, Ilemela
Naafiki. Ukifika kwenye Marxan, programu ya kuchagua maeneo ya kuhifadhi, gharama ya kila eneo usiipime kwa hekta pekee: weka na mapato ya mwalo, la sivyo programu itapendekeza kufunga ufuko ambao kijiji kizima kinautegemea.